Gari Linaposita: Kwa Nini Michango ya Injini Ilirudishwa



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tumeona tuandike juu ya jambo ambalo si la kawaida katika ukurasa huu. Wengi wenu mmetuuliza, wengine barazani baada ya swala na wengine kwa simu, kwa nini michango ya injini ilirudishwa, na imekuwaje gari lile lile lililosemwa limekufa likaonekana tena asubuhi likipita Buyenzi limejaa watoto. Tunajibu hapa kwa pamoja, na tunaeleza kwa urefu kidogo, kwani tunajua wapo wengi wenye magari ya umri kama huu wanaosumbuliwa na ugonjwa huu huu.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya mwaka 1994, injini ya esansi ya lita 2, yenye karbirateri. Kwa wasomaji wetu walioko Tanzania na Kenya, esansi ndiyo petroli, mazutu ndiyo dizeli, na buji tutakazozitaja huko mbele ndizo plagi. Ufundi wa Bujumbura umesomea Kifaransa. Gari hili lilikuja likiwa limeshatumika, na usukani wake uko kulia, hali sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba dereva akitaka kulipita lori, hana budi kumuuliza aliyekaa kushoto kama njia ni nyeupe. Tunalitaja hili la usukani kwa sababu lina uzito katika habari yenyewe. Gari la namna hii, dereva akishaamua kutoka pembeni, anataka litoke kweli.

Na gari letu lilikuwa halitoki. Dereva akikanyaga pedali ya mafuta, linanyamaza kwanza, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha linashtuka na kurukia mbele. Penye mlima ilikuwa ni habari nyingine: linaanza vizuri, halafu nguvu zinapungua taratibu mpaka unarudi gia ya kwanza. Mwanzoni watu walilifanyia mzaha. Watoto walikuwa wakilihimiza kwa kupiga makofi kila linapotoka kwenye kituo.

Mzaha uliisha siku moja kwenye makutano ya barabara ya kwenda Gatumba. Dereva alikuwa anakata kushoto, watoto 14 ndani, na lori la kontena linakuja upande wa pili, mbali vya kutosha. Aliingia barabarani, akakanyaga, gari likasita katikati. Sekunde 2 ni fupi unapozisoma hapa. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa hutembea mita 33 katika sekunde hizo. Dereva wa lori alishika breki, Mwenyezi Mungu akawahifadhi watoto, na jioni ile ile tulilisimamisha gari.

Kulisimamisha nako kuna gharama yake. Watoto wakubwa walitembea. Wadogo wanaotoka Kinama na Kamenge hawakuweza, na mzazi anayeamkia sokoni hana nafasi ya kumshika mtoto mkono mpaka Buyenzi na kurudi. Katika wiki ya tatu darasa la wadogo lilibaki na chini ya nusu ya wanafunzi wake. Mtoto wa miaka 6 akikosa mwezi mmoja, alivyovihifadhi vinaondoka, na hilo mwalimu yeyote atakuambieni.

Sasa tuje kwa mafundi. Anayeijua Buyenzi anajua kwamba huwezi kufungua boneti ukakaa peke yako. (Na HiAce ya zamani haina hata boneti ya kufungua. Injini iko chini ya viti vya mbele, unainua kiti ndipo unaiona, kwa hiyo fundi anafanya kazi pale pale anapokaa sheikh siku ya safari.) Walikuja mafundi 5, wakatoa hukumu 5. Wa kwanza alisema buji. Wa pili alisema karbirateri itupwe inunuliwe nyingine. Wa tatu pampu. Wa nne alisema hewa inaingia mahali, bila kusema mahali gani. Wa tano, ambaye ndiye aliyesikilizwa zaidi kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa, alisema injini imechoka, inunuliwe injini nyingine iliyotumika, na kwa bahati alikuwa anamjua mwenye nayo. Hakuna hata mmoja kati ya 5 aliyekuwa amepima kitu.

Kamati ilikutana, na michango ikaanza. Hatuwalaumu wanakamati; walikuwa wanataka watoto warudi darasani. Mama mmoja muuza ndagala, mwenye watoto 3 madrasani, alileta faranga elfu 20 zilizokunjwa ndani ya kitambaa, zingine bado zina harufu ya samaki. Fedha ile ndiyo iliyotukosesha usingizi. Tukaiambia kamati kwamba sisi hatutashika mkoba wa kununua injini mpaka aje mtu atuonyeshe kwa kipimo, si kwa maneno, kwamba iliyopo imekufa. Ilizuka mabishano kidogo, kisha tukapewa siku 10.

Tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori zamani, ambaye siku hizi hukaa tu mlangoni kwake. Tulipomkaribisha aje alione gari alikataa kushika spana.

"Kaa kwanza, Maalim," akasema. "Nielezeni linavyofanya."

Aliuliza maswali kwa karibu nusu saa. Linasita likiwa baridi au likiwa limepata moto? Ni wakati wa kuondoka tu, au hata likiwa mwendoni? Gia zote au moja? Likisita linapita, au linaendelea? Moshi una rangi gani? Injini inapiga kelele bila gari kwenda, au kelele nayo inazama? Na lilianza lini, na wiki hiyo mliweka mafuta ya wapi?

Sisi kazi yetu ni kusikiliza watoto wakisoma, kwa hiyo maswali yake tuliyaelewa kuliko tulivyoelewa hukumu za wale 5. Mtoto akikwama kwenye aya, unataka kujua kama amekwama kwa herufi, kwa pumzi au kwa usahaulifu, na hakuna anayekimbilia kumnunulia msahafu mwingine.

Kutokana na majibu yetu mzee alisema hili gari lina magonjwa 2, na ndiyo maana kila fundi ameona lake. Kusita kwa muda mfupi wakati wa kukanyaga, kisha likaenda, ni ugonjwa mmoja. Kupungua nguvu taratibu mlimani ni ugonjwa mwingine. Yakichanganywa hayatibiki hata moja.

Hapa tuwaeleze vijana wetu, hasa wanaosoma sayansi, jinsi alivyotufafanulia. Injini ya esansi inataka vitu 4: hewa, mafuta, cheche kwa wakati wake, na kompresheni, yaani silinda kuweza kubana kile kilichoingia bila kukivujisha. Mguu unapokanyaga pedali, haumwagi mafuta moja kwa moja kama wengi tunavyodhani. Unafungua mlango wa hewa. Hewa ni nyepesi, inaingia mara moja. Esansi ni nzito, inachelewa kuifuata. Kwa muda mdogo injini inapata hewa nyingi na mafuta machache, na mchanganyiko wa namna hiyo hauwaki vizuri. Waliotengeneza karbirateri walilijua hilo, wakaweka ndani yake pampu ndogo inayorusha mkupuo wa esansi kila pedali inapokanyagwa, ili kuziba pengo lile. Mlimani hali ni tofauti. Kule haitakiwi mkupuo, unatakiwa mtiririko mwingi usiokatika, dakika baada ya dakika. Bomba lililoziba nusu litatosha mjini na litashindwa mlimani.

Kabla ya yote, mzee alitaka kuondoa magonjwa yanayojifanya ya injini na sio. Klachi iliyolika hufanya injini ipige kelele na gari lisiende; letu kelele ilikuwa inazama pamoja na mwendo, kwa hiyo klachi ilikuwa salama. Breki zinazoshika hulivuta gari nyuma. Tulilitembeza kidogo, tukaweka mkono karibu na kila gurudumu kusikia lenye moto kuliko wenzake, hapakuwa nalo. Hiyo ilichukua robo saa na haikugharimu hata faranga moja.

Kisha akapima kompresheni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inasubiriwa na kamati. Hiki ndicho kipimo tunachowaomba wazazi wenye magari wakikumbuke, kwani ndicho kinachoamua kama injini inanunuliwa au hainunuliwi. Injini inapashwa moto kwanza. Buji zote 4 zinatolewa, waya wa bobini unachomolewa ili pasiwe na cheche, saa ya kipimo inafungwa kwenye tundu la buji, mtu mmoja anakanyaga pedali mpaka chini na kupiga stata, mwingine anasoma. Unarudia kila silinda. Injini iliyochoka hutoa namba ndogo, au hutoa namba zilizoachana sana, silinda moja ikiwa chini ya wenzake. Zetu zilikuwa 160, 158, 162 na 155, paundi kwa inchi mraba. Mzee alizisoma mara mbili, akatuamuru tuziandike kwenye karatasi na kuipeleka kwa kamati.

"Moyo mzima," akasema. "Huyu anasumbuliwa na koo."

Kwa kuwa buji zilikuwa zimeshatolewa, alizipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda zake, akatuita tuzitazame. Buji inasema mengi. Ncha ikiwa ya rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, mafuta yanazidi au hewa imezuiwa. Ikiwa imelowa oili, kuna kuvuja ndani. Zetu zote 4 zilikuwa zimepauka kuelekea weupe, na hiyo ni dalili ya injini yenye njaa ya mafuta. Kama ingekuwa moja tu yenye rangi tofauti, tungeitafuta shida kwenye silinda ile.

Cheche nayo ilipimwa. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, tuliwasha injini na kuinua kiti. Waya za buji zilizochakaa huonekana gizani zikirusha vicheche vya buluu kwenye vyuma vilivyo karibu. Hatukuona kitu. Kifuniko cha delko, ambayo wengine huiita distributa, hakikuwa na ufa wala ukungu ndani. Kuna pia kipira kinachotoka kwenye karbirateri hadi pembeni mwa delko, kazi yake ni kuiwahisha cheche pedali inapofunguliwa. Ngozi iliyo ndani yake ikichanika, gari husita kama lilivyokuwa linasita la kwetu. Namna ya kuipima ni rahisi mno. Unachomoa kipira, unakifyonza kwa mdomo, halafu unaziba kwa ulimi. Kikibaki kimeng'ang'ania ulimi, ngozi ni nzima. Kikiachia, imechanika. Mzee alimpa mmoja wa wanafunzi wetu wakubwa afyonze, na yule kijana alibaki na kipira ulimini, macho yamemtoka, mpaka wenzake wakachoka kucheka. Ngozi ilikuwa nzima.

Ile hoja ya hewa inayoingia mahali pasipostahili pia haikudharauliwa. Mafundi wengine huitafuta kwa kunyunyizia esansi kwenye mabomba ya injini inayowaka ili wasikie mlio ukibadilika. Tafadhalini msiruhusu jambo hilo kwenye gari lenu, ni moto huo. Mzee alitumia maji kidogo kwenye kichupa, pamoja na kipande cha mpira ambacho ncha moja aliiweka sikioni na nyingine akaipitisha polepole kando ya kila kiungo. Palipovuja pangesikika mfyonzo. Alipata kipira kimoja kilicholegea, akakikaza, mlio ukatulia kidogo, lakini kusita kukabaki.

Ndipo tukaja kwenye mafuta yenyewe.

Alilichomoa chujio la esansi na kulimwaga kinyume, kupitia upande yanakoingilia mafuta, ndani ya sahani nyeupe. Tulitegemea kuona esansi chafu. Kilichotoka ni kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, na chini yake chembe za kutu kama majani ya chai. Tukachukua esansi ya kwenye tanki, tukaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo wazi, tukaiacha mpaka asubuhi. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hushuka. Asubuhi palikuwa na tabaka la maji chini ya chupa, limesimama kabisa, unaweza kulipima kwa rula. Chupa ile tuliipeleka kwenye kikao, na tunadhani ilisema zaidi kuliko sisi.

Yametoka wapi? Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa. Miaka ya 2022, 2023 na 2024, uhaba wa esansi ulipobana nchini, watu walilala kwenye foleni za vituo, na aliyekosa kituoni alinunua kwenye bido na kwenye chupa za maji kando ya njia. Nasi tulinunua huko, kama mlivyonunua nyinyi, kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri kituoni. Bido halina chujio. Haijulikani lilibeba nini kabla, lilipita mikono mingapi, wala lilipitisha usiku mvua ikinyesha au la. Tena gari linalotiwa lita 5 leo na lita 5 keshokutwa, tanki lake halijai kamwe, na tanki la chuma lenye nafasi tupu hukusanya unyevu wa usiku na kushika kutu kwa ndani. Tanki la miaka 30 halikuhitaji zaidi ya hapo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mtiririko. Mpira wa mafuta ulichomolewa kabla ya chujio, ukaingizwa kwenye chupa, stata ikapigwa kwa sekunde 10. Esansi ilikuja kwa mikupuo, lakini chache kuliko mzee alivyotaka. Ikarudiwa baada ya chujio. Ilikuja kama machozi. Maana yake chujio lilikuwa limeziba sana, lakini hata kabla yake palikuwa na kizuizi, na kizuizi hicho hakiwezi kuwa mbali na tanki. Tanki likashushwa. Kichujio cha wavu kilicho kwenye mdomo wa bomba la kunyonya, ndani kabisa, kilikuwa kimevaa matope.

Neno moja juu ya kushusha tanki, kwa vijana wanaopenda kujaribu mikono. Tanki tupu la esansi lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ukichanganyika na hewa unalipuka. Kazi ilifanyika nje, mbali na majiko ya jirani, na mzee alimfukuza mtu aliyekuja na sigara kwa maneno ambayo hatutayaandika. Tanki lilioshwa mara nyingi, likakaushwa juani siku 2 nzima. Wapo walioshauri libandikwe kiraka cha kuchomelea mahali palipoanza kuliwa, tulikataa.

Chujio jipya likafungwa, mabomba yakapulizwa, esansi ikawekwa kutoka kituoni, baada ya foleni. Tukaenda kulijaribu kwenye barabara ya Bugarama, bila mtoto hata mmoja ndani. Anayeijua barabara ile anajua kwamba hakuna karatasi ya mtihani iliyo bora zaidi kwa injini. Unatoka usawa wa ziwa, kwenye mita 770 na kidogo juu ya bahari, na katika kilomita zisizofika 40 umeshapita mita 2000. Waendesha baiskeli wamening'inia nyuma ya malori wakivutwa kwenda juu, wengine wanashuka na mafungu ya ndizi kwa mwendo usioweza kuuangalia. Gari letu lilipanda. Zile nguvu zilizokuwa zinapungua taratibu hazikupungua tena. Ugonjwa wa pili ukawa umeondoka.

Wa kwanza ulibaki. Kila tulipotoka mahali tuliposimama, lilisita vile vile. Hapo ndipo fundi mwenye haraka angesema tumepoteza muda. Mzee alifurahi.

"Sasa limebaki moja," akasema, "na moja halina pa kujificha."

Asubuhi yake, injini ikiwa imezimwa na baridi, alitoa kopo la chujio la hewa na kutuambia tuchungulie kwenye koo la karbirateri huku mtu akivuta waya wa pedali kwa mkono. Karbirateri iliyo nzima, kila waya unapovutwa, inarusha uzi wa esansi wenye nguvu, papo hapo. Yetu ilitoa tone. Tukavuta tena, ikatoa tone lingine, tena limechelewa. Ilipofunguliwa, kile kikombe kidogo cha mpira kwenye pampu ya kurushia kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama ukucha. Badala ya kusukuma esansi kilikuwa kinaiacha ipite pembeni. Na kijitundu inakotokea kilikuwa na kutu ile ile ya tanki.

Kikombe hicho hakiuzwi peke yake, kinakuja ndani ya pakiti pamoja na pete na gasketi za karbirateri nzima. Pakiti moja, kopo la dawa ya kusafishia, saa 3 za kazi. Karbirateri ile ambayo ilikuwa itupwe ilirudishwa mahali pake. Tulipokanyaga pedali, gari liliondoka kabla hatujamaliza kusema bismillah.

Kwa wenye magari ya sindano yasiyo na karbirateri, mwendo wa kutafuta ni ule ule ila vifaa vinatofautiana. Huko hakuna pampu ya kurushia. Kuna kihisi kwenye mlango wa hewa kinachoiambia kompyuta kwamba pedali imefunguliwa, na kikilika mahali pamoja, gari husita mahali pale pale kila siku. Kipimeni kwa mita ya mshale huku mlango ukifunguliwa polepole: mshale upande bila kuruka wala kuanguka. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina pia kisanduku kidogo cha matundu. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa na injini haijawashwa, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Makonyezo 4, kimya kidogo, kisha 1, ni 41, nayo ni habari ya kihisi hicho. Lakini esansi yenye maji haina namba ya kukonyeza. Tumeona watu wakinunua vihisi 3 huku chujio lina matope. Na kwa wenye mazutu, angalieni maji kwenye chujio na hewa inayoingia kwenye mabomba ya mafuta kabla ya kumruhusu mtu aguse pampu.

Gharama yote, pamoja na zawadi ya mzee ambayo tulilazimika kumsukumia mfukoni, haikufika sehemu moja ya kumi ya bei ya injini. Mwanakamati mmoja tunayemheshimu bado anaamini tungenunua, akisema gari la miaka 30 litatusumbua tena. Kuhusu kusumbua tena, yuko sahihi. Lakini injini mpya ingekunywa kutoka tanki lile lile lenye matope, kupitia chujio lile lile, na baada ya wiki 2 tungekuwa pale pale kwenye makutano ya Gatumba, mkoba ukiwa mtupu. Hoja hiyo hatujaipatia jibu kutoka kwa yeyote.

Michango ilirudishwa nyumba kwa nyumba, kwa daftari, kila mtu na sahihi yake. Wazazi 2 walikataa kuipokea, wakasema iwekwe kwenye matairi, na imewekwa. Mama wa ndagala aliipokea, akaihesabu mbele yetu, akakuta iko sawa, akatuuliza watoto wake watachukuliwa lini.

Gari limeshakwenda Gitega mara moja na wanafunzi 12, likarudi. Pale Bugarama lilipanda kwa gia ya pili, na abiria wengine wakaanza kunong'ona kwamba ugonjwa umerudi. Haujarudi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1000 unazopanda. Hata gari jipya lingelalamika.

Chupa yenye maji bado iko kwenye rafu ya ofisi kwa anayetaka kuiona, imefungwa vizuri na iko mbali na jiko. Kila esansi inaponunuliwa kwenye bido sasa inapita kwanza kwenye kitambaa na faneli, kisha sampuli yake inalala kwenye chupa usiku mmoja kabla ya kuingia tankini, na chujio hubadilishwa kila baada ya miezi 3. Tarehe imeandikwa kwa kalamu juu ya chujio lenyewe, chini ya kiti cha kushoto.

Mzunguko wa Kinama na Kamenge umerudi Jumamosi na Jumapili. Gari linaanzia Kinama saa 12 na nusu asubuhi. Wazazi, tunaombeni watoto wawe wamesimama upande wa mlango, sio ng'ambo ya barabara.

Wassalaam alaykum warahmatullah.